Kasoro na Gari la Mzee Klachi

Kasoro hakuwahi kusifu gari alilolitaka. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza na ya pili, na kama kulikuwa na ya tatu, basi ilikuwa kuzikumbuka hizo mbili. Akikuta gari la zamani limetelekezwa uani kwa mtu, la aina ile inayomwendesha moyo mbio, alikunja uso, akapiga teke gurudumu, akauliza, "Na hili nalo mnaliweka la nini?" Mwenyewe akilisifu, yeye aliliponda. Mlango huu umeliwa. Sakafu hii ukikanyaga unatokea chini. Viti hivi panya wameshagawana urithi. Aliponda mpaka bei ikachoka kusimama, ikakaa chini. Akishalifikisha karakanani kwake, alifunga geti, akalipapasa boneti na kuliomba radhi kimya kimya, kwa sababu alikuwa na haya mbele ya magari ingawa mbele ya watu hakuwa nayo sana.

Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kasoro. Mkewe alikuwa akisema kwamba hata siku aliyokuja kuposa, kabla hajanyoosha mkono wa salamu alishakosoa bawaba za mlango wa ukweni.

Kazi yake ilikuwa kununua magari yaliyosahaulika, kuyafufua, na kuwauzia watu wenye mapenzi na vitu vya kale. Ugumu wa kazi hiyo haukuwa kutu. Kutu unaikwangua ikaisha. Mwenye gari humkwangui. Kuna yule anayekwambia atalitengeneza mwenyewe mwakani, na ahadi hiyo ameitoa tangu watoto wake hawajaota meno, na sasa wenyewe ni wazazi. Kuna yule anayefuga kuku ndani ya gari, akasema hawezi kuliuza kwa kuwa kuku wameshalizoea. Kuna yule anayetaja bei ya nyumba, na ukigeuka kuondoka anakufuata njiani kukuuliza umekasirikia nini. Kasoro aliwajua wote. Bandu bandu huisha gogo, alikuwa akisema. Mwoneshe mwenye gari aibu yake kidogo kidogo, mwisho atakuachia.

Bado alikuwa hajamjua Mzee Klachi.

Asubuhi moja alikuja karakanani mwanamke wa makamo, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni kama mkufu aliosahau kuuvua. Alikuwa mshonaji wa sare za shule katika mji mwingine, safari ya nusu siku kutoka hapo. Alikataa kiti, kisha akakaa.

"Nimeambiwa wewe hushindwi na mwenye gari," alisema.

"Nani kakwambia? Wanaonishukuru au wanaoniapiza?"

"Wanaokuapiza."

"Basi ni kweli."

Baba yake, alieleza, alikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya watu wa mji wa Kasoro wanaoshika usukani walipita mikononi mwake, na wote aliwapigia kelele moja, "Klachi! Klachi!", mpaka jina likamganda. Wote pia aliwakaririsha somo moja kabla hawajaruhusiwa kuwasha chochote: mafuta, maji, oili, ndipo ufunguo. Kasoro alilijua somo hilo ingawa hakuwahi kuwa mwanafunzi wake. Watoto walilichezea mitaani.

Sasa mzee alikuwa mgane, peke yake katika nyumba ile ile ya siku zote. Mvua zilizopita aliteleza uani, akalala chini kwenye matope mpaka jirani alipochungulia. Binti alikuwa na chumba kimetandikwa kwake, kinamsubiri. Mzee hakutaka kusikia.

"Kila nikimwambia tuondoke, anasema hawezi kuliacha gari. Gari lenyewe halijatembea tangu mama afariki! Liko bandani linaoza. Anakaa ndani yake, kaka. Anakaa tu." Aliizungusha futi kidoleni. "Na ndilo lililomuua mama. Alizidiwa jioni, baba akampakia kumkimbiza hospitali, likazima njiani. Likagoma kabisa. Mpaka lori la mboga lilipopita likamchukua, muda ulikuwa umekwenda. Alifia mlangoni pa hospitali. Na baba mpaka leo amelikumbatia. Linunue, liibe, likate vipande, lolote. Mvua zikirudi sitaki zimkute pale peke yake."

Kasoro alipenda kazi iliyonyooka kama hiyo. Gari liondoke, mzee ahame.

"Kabla ya mvua atakuwa kwako," alisema.

Banda lilikuwa la mabati, nyuma ya nyumba, na Kasoro alipoliona lililokuwa ndani yake ilibidi ajifanye anakohoa. Gari la milango minne, mabega ya mviringo, gia kwenye usukani, juu rangi ya maziwa na chini kijani kilichopauka. Hata lile pambo la chuma la kwenye boneti, ambalo kila mahali ndilo la kwanza kuibwa, lilikuwa bado limesimama. Moyo ulimwambia apige magoti. Mdomo, kwa mazoea, ukasema la kwake.

"Shikamoo mzee. Hili jalala ni lako?"

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Upepo tu. Magurudumu haya yamekufa, mzee. Hata wa kulivuta atalivutaje?"

Mzee Klachi alitoka taratibu kwenye kiti cha dereva. Alikuwa mrefu, mkavu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, fimbo mkononi. Alimtazama Kasoro kuanzia kichwani mpaka viatuni, kama anayetafakari kama anafaa kupewa leseni.

"Kijana," alisema, ingawa kijana huyo alikuwa na upara na wajukuu, "kuna jingine?"

"Viti vimetoa matumbo nje. Kioo cha mbele kina ufa wa kupitisha mkono. Nakuonea huruma tu, nikutolee kitu kidogo nikuondolee mzigo."

"Haliuzwi. Njia uliyojia unaijua."

Kasoro aliondoka akipiga mluzi. Kwake yeye, kukataliwa mara ya kwanza kulikuwa sawa na kuamkiwa.

Alirudi juma lililofuata, akakuta gari limesimama juu ya magurudumu manne mazima. Mzee alikuwa ameyapata kwa mwanafunzi wake wa zamani mwenye duka la matairi. Alimwonesha kwa ncha ya fimbo.

"Umemvalisha mgonjwa viatu," Kasoro alisema. "Na matumbo je?"

Juma jingine akakuta viti vimeshonwa. Mzee alikuwa amekaa navyo mwenyewe na sindano ya magunia, na mshono ulikwenda huku na huku kama mlevi anayerudi nyumbani, lakini ulikuwa umeshika. Kasoro akahamia kwenye kioo. Kioo kikabadilishwa. Akahamia kwenye taa, akasema zimepofuka. Aliporudi, taa zilimtazama, safi. Siku hiyo alikuja na mpira wa mlango mfukoni, maana mkono mtupu haulambwi, akauacha juu ya kiti bila kusema ni wa nini. Siku iliyofuata ulikuwa umeshafungwa mahali pake.

Binti alipiga simu.

"Kaka, mimi nilikutuma uliondoe! Jirani ananiambia baba anapiga msasa!"

"Anakula?"

"Anakula. Jirani anasema siku hizi anaamka mapema, hata kuimba anaimba. Lakini usinibadilishie mada. Mawingu yameanza huko?"

"Bado," alisema Kasoro, akatazama juu, akaona yameanza.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Aliona mzee anajibu kila tusi kwa spana, akadhani anapandisha bei. Maisha yake yote watu walikuwa wamemjibu hivyo: ukiponda mlango, mwenyewe anaupaka rangi, akaongeza bei. Lakini anayepandisha bei huitaja bei. Mzee huyu hakuwahi hata kuuliza Kasoro ana kiasi gani.

Ilibaki injini. Kasoro aliiweka akiba kwa ajili ya mwisho, kama mchezaji anayeficha karata kubwa. Alifika akalizunguka gari, akakubali kwa kichwa kwamba sasa angalau ukilitazama hulii, kisha akaegemea boneti.

"Sasa mzee, tuzungumze kiutu uzima. Umemwogesha, umemvika, umemtia manukato. Lakini marehemu ni marehemu. Injini hii ilishakufa njiani na kila mtu anajua."

Fimbo ya mzee iligonga sakafu.

"Ondoa mkono wako."

Kasoro aliuondoa.

"Litukane bati," alisema mzee. "Litukane kiti, litukane taa. Yale yalikuwa kweli, niliyaacha mimi yakaharibika. Injini usiitukane. Kila mwezi naizungusha kwa hendeli. Naitia oili kwenye matundu ya plagi. Haijaganda hata siku moja. Injini hii haijawahi kuniangusha." Midomo ilikuwa inamtetemeka. Mtu aliyewapigia kelele nusu ya mji alikuwa anashindwa kuituliza midomo yake mwenyewe.

"Samahani, mzee," alisema Kasoro, na neno lilimshangaza lilipotoka. "Sasa kama ni nzima, mbona huiwashi?"

Mzee Klachi alifunga mlango wa gari polepole, kwa mikono miwili, akaingia ndani ya nyumba.

Mawingu yalipokuwa mazito kiasi cha kuwafanya watu waanue nguo mapema, binti alifika na mabegi matupu. Alisimama katikati ya ua na kusema mbele ya wote wawili kwamba leo gari linaondoka na baba anaondoka, na kama baba haondoki basi naye haondoki, atalala bandani, kazi ya watu ikae bila kushonwa.

"Usiwe mkaidi," alisema mzee.

"Nimerithi wapi?"

Kasoro, ambaye alikuwa ameitwa kwa ajili hiyo, alijaribu kuwa mtu wa haki. Alisema aiangalie injini. Ikiwaka, atanunua gari. Isipowaka, atanunua chuma. Vyovyote vile uwe ni mwisho wa maneno. Mzee alimtazama binti yake. Kisha akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Fungua," alisema.

Kasoro alifungua boneti na kazi ikamteka. Ndani kulikuwa safi kuliko jikoni nyingi alizoalikwa. Alifunga betri aliyokuja nayo, akajaribu plagi, zikatoa cheche. Alishika hendeli, injini ikazunguka laini kabisa. Akafungua kabureta, akiwa ameshakunja pua, maana mafuta yakikaa miaka ndani ya gari lililosimama hugeuka utomvu mzito wenye harufu ya rangi iliyochacha. Hakukuwa na utomvu. Hakukuwa na harufu. Kabureta ilikuwa kavu.

Aliguna. Akaenda nyuma, akafungua kifuniko cha tangi, akanusa, akamulika kwa tochi. Tangi lilikuwa kavu mpaka chini, hata doa la mafuta yaliyoganda hakuna. Aligonga kwa kifundo cha kidole likalia kama ngoma. Hakuna aliyeyamwaga mafuta hayo. Nati ya chini ilikuwa haijaguswa tangu kiwandani. Gari hili lilisimama siku ile kwa sababu lilikuwa limekunywa tone lake la mwisho, na tangu hapo hakuna aliyelipa jingine.

Mafuta, maji, oili, ndipo ufunguo.

Kasoro alibaki ameinama pale nyuma zaidi ya ilivyohitajika. Alipoinua uso, mzee alikuwa anamtazama kutoka kwenye ndoo, na hakuwa anamtazama fundi. Alikuwa anamtazama hakimu.

"Vipi?" aliuliza binti. "Umeona kilichoizimisha?"

Basi hapo ndipo ulimi wa Kasoro ulipopata kazi uliyozaliwa kwa ajili yake. Mtu huyu alikuwa ametunga magonjwa ya magari maisha yake yote. Kutunga jingine moja kulikuwa kugumu wapi? Angemwokoa mzee, binti angetulia, gari lingetoka kwa bei ya chuma. Huruma na tamaa zilikuwa zimeshikana mkono, jambo ambalo halitokei kila siku.

"Pampu ya mafuta, dada," alisema. "Pampu za zamani ndivyo zilivyo, zinakufa bila kuaga. Hakuna dereva duniani angeweza kujua." Maneno hayo ya mwisho aliyasema akimtazama mzee.

Binti alishusha pumzi. "Si nilisema? Ndilo lililomuua."

"Hapana," alisema Mzee Klachi.

Alisimama kwa tabu, akiegemea fimbo.

"Kasoro, umelitukana gari hili tangu uliponijia, nikavumilia, nikalirekebisha. Hilo ulilosema sasa ni uongo. Nakushukuru, lakini usilisingizie." Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, halikuharibika kitu. Liliisha mafuta."

Binti hakuelewa. Au alielewa, na hakutaka kuwa ameelewa.

"Asubuhi ya siku ile mshale ulikuwa umelala. Niliuona. Nilikuwa na wanafunzi wananisubiri, nikasema nitaweka jioni. Jioni mama yako akazidiwa. Nikambeba, nikawasha, nikaondoka. Sikuangalia. Mimi. Msibani watu wakasema gari ndilo lililomuua. Na wewe ukasema. Nikanyamaza. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa uchungu. Kuanzia ya pili ilikuwa woga. Ningeliuza, fundi wa kwanza kufungua tangi angejua. Kulitia mafuta nako nilishindwa, maana lingewaka. Nikakaa nalo. Halina kosa, na nimelifunga miaka yote hii kwa kosa langu."

Binti aligeuka, akaenda nyuma ya nyumba. Kasoro alibaki na spana mkononi, hajui aiweke wapi. Angependa kuondoka, lakini vifaa vyake vilikuwa vimetapakaa ua mzima, na mtu hawezi kuondoka kwa heshima huku anaokota nati. Mzee alikuwa bado amesimama. Kuku wa jirani walipita kati yao wakidonoa, hawana habari na mtu.

Binti aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Mama alijua?"

"Alijua. Liliponyamaza tu, alijua."

"Alisema nini?"

"Alikuwa ameshika tumbo hivi, jasho linamtiririka. Akanigeukia. Akacheka, mwanangu. Na maumivu yote yale, alicheka. Akasema, 'Leo mwalimu kafeli.'"

Binti alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Kilichotoka kilikuwa kicheko, kikageuka kilio, kikarudi tena kuwa kicheko, mpaka ikambidi ashike mlango wa gari asianguke. "Ndiye huyo," alisema alipoweza. "Ndiye mama huyo kabisa."

"Ndiye."

"Ungeniambia, ningekuchukia."

"Najua."

"Ningekuchukia mwaka mmoja, baba. Labda miwili. Halafu ningekuja kukuchukua."

Mzee alikaa tena kwenye ndoo, akajifunika uso kwa mkono, na binti akachuchumaa pembeni yake, akampigapiga mgongo kama anayemtuliza mtoto. Kasoro aliinama akaendelea kuokota nati ambazo zilikuwa zimeshaokotwa.

Kwenye pikapu yake alikuwa na dumu la mafuta. Alirudishia kabureta, akakaza mipira, kisha akalileta dumu. Binti alilipokea mikononi mwake. Hakuwa amewahi kumimina mafuta kwenye gari maishani mwake, na mengine yalimwagikia viatu vyake, lakini hakumpa mtu mwingine dumu lile mpaka lilipokwisha.

Mzee aliingia kwenye kiti cha dereva. Mkono ulikwenda kwenye ufunguo, ukasimama. Alitazama geji. Mshale ulipanda kidogo, ukatulia.

"Mafuta," alisema kwa sauti, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. "Maji. Oili."

"Ufunguo, baba," alisema binti.

Gari lilikohoa. Likakataa. Kasoro akatia mafuta kidogo kwenye kabureta kwa mkono, akasema jaribu tena, likakohoa zaidi, likapiga chafya iliyowatawanya kuku, na mara likashika, likanguruma, moshi mweupe ukajaa banda mpaka wote watatu wakatoka nje wakikohoa. Lilikuwa linawaka peke yake bandani, halina mtu ndani.

"Haya, Kasoro," alisema mzee akipangusa macho, na moshi ulikuwepo wa kusingiziwa. "Lina kasoro gani?"

Zilikuwepo. Moshi ule. Mlio wa kushoto. Bampa ya nyuma imepinda, na breki alikuwa hajazijaribu. Kasoro alizihesabu zote kwa mazoea, akajua vizuri kabisa mnunuzi anayesifu gari mbele ya mwenyewe atalipa nini.

"Halina, mzee," alisema. "Ni gari zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona."

"Basi nitakuuzia wewe. Lakini kwanza linifikishe kwa binti yangu. Utalichukua hukohuko."

Bei aliyolipa, mkewe mpaka leo humkumbusha kila wanapogombana, na mara nyingine hata wanapokuwa hawagombani.

Waliondoka siku ya tatu, baada ya breki kujaribiwa na tangi kujazwa pomoni. Kasoro aliendesha, kwa kuwa mzee hakuiamini tena miguu yake. Mzee alikaa kando yake, fimbo kati ya magoti, akipiga kelele "Klachi!" kila kona kwa mtu aliyeendesha magari maisha yake yote. Binti alikaa nyuma katikati ya mabegi na sufuria, akipitisha kidole kwenye mshono wa kiti.

"Baba, nani kashona hivi?"

"Fundi aliyekuwepo."

"Nitakufumulia nikushonee upya."

"Si langu tena. Muombe mwenye gari."

"Mshono uachwe hivyohivyo," alisema mwenye gari.

Kilipotokea kituo cha kwanza cha mafuta, mzee alinyoosha fimbo. "Ingia hapo."

"Mzee, tumetoka kujaza."

"Ingia."

Waliingia, pampu ikatoa kidogo sana, wakalipa, wakaendelea. Kwenye kituo kilichofuata, fimbo ilinyooshwa tena. Na kilichofuata. Kasoro aliacha kubisha. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa ya kwanza yakigonga kioo kipya, walipoingia kwenye kituo kimoja kidogo chenye pampu moja. Mhudumu alitoka amejifunika turubai kichwani, akafungua tangi, akachungulia, akaja dirishani.

"Mzee, limejaa. Limejaa mpaka shingoni."

Mzee Klachi aliangalia geji, kisha mikono yake. Kasoro alikuwa na mzaha tayari, mzuri sana, ameuandaa tangu kituo cha nyuma. Akaumeza.

Dirisha la nyuma lilishuka.

"Kaka," alisema binti, mvua ikimpiga usoni, "jaribu hata kidogo."

Mhudumu alimtazama, akamtazama mzee, akarudi kwenye pampu. Ilitoa matone, ikakatika. Kiasi cha kikombe, pengine hakikufika. Binti alimlipa kwa kupitisha mkono dirishani, akamshukuru, akapandisha kioo.

Mzee aliangalia mshale mara ya mwisho, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Klachi," alimwambia Kasoro, nao wakarudi barabarani.